Kuni za Sadaka Kutoka Stesheni

Jumapili iliyopita, baada ya ibada hapa Lushoto, tulitoka nje kwenye mnada wa sadaka, pale ndizi, mahindi na kuku waliotolewa na waumini hununuliwa na anayetaja bei ya juu zaidi. Ukafika mzigo wa kuni.

“Kavu hizi! Hata mafuta ya taa haziombi!” mzee wa kanisa akanadi, akiinua kipande kimoja juu.

Nilishtuka. Kipande kile kilikuwa na ua la kuchonga, majani yamelizunguka. Nililijua. Utotoni nililitazama chini ya paa la stesheni ya zamani kule tambarare, tukisubiri treni.

Nikamfuata mama aliyeuleta mzigo.

“Shikamoo, mama. Kuni hizi umezipata wapi?”

“Marahaba, mwanangu. Stesheni wanabomoa paa. Wametuambia tujiokotee.”

“Mama, hizi si kuni! Ni nakshi!”

Akanikazia macho kama mtu aliyetukanwa. “Kwani mimi sioni? Mbao tupu nimepikia maharage nyumbani. Mungu hapewi makapi. Nikamchagulia zenye maua.”

Nikageuka niinue mkono, nitaje bei. Nilichelewa: mnunuzi alikwisha kuupeleka mzigo jikoni mwa kanisa, wapishi wachemshie chai ya waumini.

Wasomaji wangu, wataalamu wa majengo ya kale tunao, na waandishi tupo. Miaka yote hiyo, ni mama huyu peke yake aliyeona maua yale yanamfaa Mungu.

Chai ikaletwa, ya moto kweli kweli. Nikainywa yote.