Figo ya Dada Yetu Kabula

Mchana mmoja kule kijijini kwetu Shishiyu haunitoki kichwani, mwanangu. Tulichinja ng'ombe kumpokea mdogo wangu Masanja, aliyerudi kutoka India akiwa na figo aliyopewa na dada yetu Kabula.

Nami nilikuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam na diploma yangu ya maabara. Niliisomea kwa fedha ya pamba niliyolima mwenyewe, na hilo nalisema hadi leo kwa sauti. Nilikuwa nimefanya kazi kwa profesa aliyechunguza kwa nini mwili hukataa kiungo cha mtu mwingine. Mimi ndiye niliyemtengea seli za damu. Nyumbani waliniita Daktari, nami sikumsahihisha hata mmoja.

Baba mkubwa akamwona Masanja akimeza vidonge.

"Vya nini tena? Si umepona?"

"Vya kuzuia mwili usiikatae figo, baba. Wamesema ni vya maisha."

"Ikataliwe vipi, na mmenyonya ziwa moja? Daktari, hebu tuambie wewe!"

Niliwahi kumsikia profesa akisema figo ya ndugu hupokelewa vizuri zaidi. Basi, sikujua zaidi ya hapo. Lakini macho yote yalikuwa kwangu, na kusema sijui kukanishinda.

"Damu ni moja," nikasema. "Akipata nguvu, aviache tu."

Akina mama wakapiga vigelegele.

Masanja akaviacha. Miguu ikavimba, mkojo ukapungua, na tulipomfikisha hospitali Mwanza figo ilikuwa imeshaharibika. Akarudi kwenye mashine ya kusafisha damu. Nikampigia profesa.

"Mwili haujui ukoo, kijana," alisema. "Kinga yake inaona kitu kigeni, inakishambulia, hata kikiwa cha dada yake. Dawa ndizo zinazoituliza. Namba yangu ulikuwa nayo. Kwa nini hukuuliza?"

Ningemwambia nini? Kwamba nilitaka niitwe Daktari hadi jioni?

Kabula hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mdogo wangu, kwa hiyo nilipasuliwa bure?" Hadi leo nikimwona shambani ameacha jembe kashika ubavu, natazama pembeni.

Mwanangu, soma unizidi, na ujivunie jasho lako. Lakini ukiulizwa jambo la uhai wa mtu nawe hulijui, sema hulijui, palepale, mbele ya wote, kisha mtafute anayelijua. Na mgonjwa asiache dawa kwa maneno ya karamuni. Mungu akupe ujasiri nilioukosa mimi, na ndugu zako wazeeke wakiwa na afya.