Nyota ya Mkia Niliyomwonyesha Baba Mkwe

Nyota yenye mkia ilipoanza kuonekana jioni upande wa magharibi, nilimwalika baba yake Rehema, mchumba wangu, aje kuitazama kwenye paa la ghorofa niliyopanga Kariakoo. Mzee alikuwa bado hajaikubali ndoa yetu, nami nilitaka anione mtu mwenye akili. Darubini niliazima kwa rafiki. Kuirekebisha sikujua, na kuuliza niliona aibu.

Jua lilipozama niliizungusha huku na huku, mpaka nikaona mwanga wenye ukungu na mkia mrefu mweupe ukipepea pembeni.

“Nimeipata!” nikapiga kelele.

Majirani wakapanda. Nikawaeleza kwamba mkia ule ni vumbi na mvuke, na kwamba unapeperushwa na upepo unaotoka kwenye jua. Rehema alinitazama kwa fahari.

“Karibu, baba,” nikasema.

Mzee akainama, akazungusha kigurudumu kidogo ambacho mimi sikuwahi kukigusa, akatazama kwa muda.

“Mkia ninauona,” akasema taratibu. “Ila kijana wangu, hiyo ni taa ya paa la nyumba ya jirani, na mkia wenyewe ni chandarua. Tena kuna mama anakianua.”