Matone kwa Transfoma

Kwa miaka kumi na mmoja Zarghuna alizunguka kijiji cha Kotka Sherdil na kisanduku chake cha barafu begani, akigonga malango na kufungua midomo ya watoto wa watu: matone mawili ya chanjo ya polio kila mmoja, kisha alama ya wino kwenye kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Aliitwa kibaraka, aliitwa mwizi wa uzazi. Siku moja alifunguliwa mbwa makusudi. Kesho yake akarudi kwenye lango lilelile, safari hii na fimbo.

Wanaume wa kijiji kile walikuwa hodari wa kujua. Walijua kwamba matone yanawafanya wavulana wagumba, na mwalimu wao alikuwa Haji Mirbaz mwenye duka la chai, ambaye maishani hakuwahi kusoma kitu kirefu kuliko pakiti ya majani. Alikuwa na wana watano, wote walikunywa matone walipokuwa wadogo, na wote sasa wana watoto. Ukimwuliza ilikuwaje, anajitia hamnazo na kukumiminia kikombe kingine.

Angekuwa mtu baki, Zarghuna angemcheka na kupita zake. Lakini binti yake, Spogmai, aliolewa na mwana wa Haji, na mtoto wao Musafir, wa mwaka mmoja na nusu, hakuwa amepata hata tone moja. Bibi amechanja kijiji kizima, wa damu yake kamshinda!

Majira ya baridi yale mtoto mmoja ng'ambo ya mto akapooza. Zarghuna alidhani hofu itafanya kazi ambayo maneno yalishindwa. Wapi! Wiki hiyohiyo transfoma ya kijiji ikaungua, na baraza la wanaume likakaa, likanywa chai, likaamua: hakuna matone mpaka iletwe transfoma mpya. Ndiyo ilikuwa desturi yao. Wakitaka barabara, wanazuia watoto. Wakitaka daraja, wanazuia watoto. Hakuna tishio jingine lililowahi kuikimbiza serikali.

Zarghuna akaenda kwa Haji, akasimama nyuma ya pazia la ua, uso kaufunika.

"Haji, ile sumu uliyotuhubiria miaka yote, transfoma ikija inageuka asali?"

"Mama Spogmai, haya ni mambo ya wanaume."

"Mtoto kapooza hapo ng'ambo. Naye ni jambo la wanaume?"

"Kapooza kwa sababu alikunywa!"

"Hakunywa. Baba yake alikuwa anakusikiliza wewe."

Nyuma ya ukuta mtu akacheka, kisha akajikohoza. Haji akapandisha sauti. "Waambie wakubwa zako walete transfoma! Siku hiyo watoto nitawafungua midomo mimi, kwa mikono yangu hii."

"Na ugumba?"

"Mungu ataangalia. Na mpaka siku hiyo usikanyage kwangu."

Sikio la kufa halisikii dawa. Uchungu wake ni kwamba sikio lilikuwa la Haji, na atakayelipia ni mwingine.

Transfoma ilikuja baada ya wiki saba. Haji alichinja kondoo, akavaa kilemba kipya, akapongezwa na kila mla nyama kana kwamba umeme kauzaa yeye. Kisha akatuma watu wamwite Zarghuna. Uani wajukuu walikuwa wamepangwa mstari, na Haji, mwenye neno lake, akawabana mashavu mmoja mmoja huku anatabasamu.

Wa mwisho akaja Spogmai, kambeba Musafir.

"Mshushe, atembee kwa bibi yake," Zarghuna alisema.

Spogmai hakumshusha. Zarghuna akamwendea, akakamata mguu wa kulia wa mtoto, akauinua, akauachia. Ukaanguka kama kitambaa.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu, mama. Homa kwanza. Waliniambia nisubiri."

Zarghuna alitaka kupiga yowe. Badala yake alifunga chupa ya matone, kwa sababu alijua kuna kazi inayotangulia. "Nahitaji choo chake. Leo na kesho. Kitapelekwa maabara, kipimwe kama ni polio."

"Choo?" Haji akaruka. "Mavi ya mjukuu wangu mnayataka ya nini? Mnakwenda kuyauza! Mguu umelala tu kwa baridi, na nyinyi mmeshapata biashara. Kesho nitaliambia baraza zima!"

Spogmai, ambaye kwa miaka minne hakuwahi kupaza sauti katika nyumba ile, alivuka ua na kumtia mtoto mikononi mwa mkwewe.

"Msimamishe, Baba. Kama umelala tu, msimamishe. Akisimama, mama yangu ataondoka na hatarudi tena hapa."

Wana watano wa Haji walikuwa wakitazama. Haji aliinama, akaiweka miguu ya Musafir chini, akaachia. Akamwokota. Akamweka tena, safari hii kwa upole, akaachia. Akamwokota. Mara ya tatu hakuachia.