Mgongo wa Kukhu

Kivumbasi nimekiotesha kwenye mkebe dirishani, hapa mjini ninakoishi. Wageni hudhani ni mboga. Nikikigusa tu, harufu yake hunirudisha Busia, nje ya ua wa baba, chini ya turubai lililonuka dizeli.

Ilikuwa miaka ya sabini, mambo yalipoharibika ng'ambo, Uganda. Askari walimchukua babu, baba yake mama, hakurudi tena. Nyanya akavuka mpaka kwa miguu na kitita kimoja cha nguo. Sisi Waluhya tulimwita Kukhu. Nilidhani ataingia ndani anywe chai, lakini alifika kwenye ua wetu wa michongoma, akaketi kwenye nyasi, nje.

Kwetu mama mkwe halali katika boma la mkwewe, wala wawili hao hawaangaliani usoni. Mama alimbembeleza mpaka akalia. Kukhu alitikisa kichwa tu, ingawa hakuwa na kwingine pa kwenda. Jioni baba, aliyekuwa akipakua malori Malaba, akarudi na turubai kuukuu alilopewa na dereva mmoja. Akaliacha kwenye pengo la ua, akakohoa, akaondoka. Kukhu alingoja mpaka hatua zake zisisikike tena, ndipo akanituma nikalichukue.

Mimi ndiye niliyechaguliwa kulala naye, na nilijiona mtu mkubwa sana. Chini yetu bondeni palikuwa na kinamasi, na jua likizama mbu walipanda kutoka huko wakiimba. Kukhu aliwasha samadi kavu ya ng'ombe, juu yake akatupia majani mabichi ya kivumbasi, moshi ukatutoa machozi. Mengine aliyafikicha viganjani akanipaka miguuni, shingoni, hata nyuma ya masikio. Asubuhi alinikagua, na akiniona na kipele alipasua jani la mshubiri akanipaka utomvu wake wa baridi, akinikataza kujikuna. Nilimuuliza mbona yeye hajipaki.

"Mimi ni mgeni hapa," alisema. "Mbu wa Kenya bado hawanijui."

Nilicheka, na niliamini.

Kichekesho kikubwa zaidi kilikuwa mazungumzo yake na baba. Walisema kupitia kwangu, kila mmoja upande wake wa ua, na walikuwa wakisikiana vizuri kabisa.

"Ambia nyanya yako mvua inakuja. Aingie hata jikoni tu."

"Mwambie baba yako asante. Mimi nilimpa mtoto wangu, siwezi kumpa aibu."

Nami nilirudia kila neno kwa sauti kuu, kama mkalimani wa mahubiri.

Baba akaanza kumjengea kibanda nje ya ua, Jumapili kwa Jumapili, maana siku nyingine alikuwa kazini. Kuta zikasimama. Zikabaki nyasi za kuezekea, na nyasi zilikuwa bado fupi.

Asubuhi moja Kukhu aliamka akitetemeka. Alisema ni mvua tu. Kufika jioni hakuweza kushika kikombe, nami nikapiga mayowe. Baba alipita kwenye pengo la ua bila kukohoa, uso ameugeuzia kinamasini, akainama, akambeba. Kukhu alijifunika uso kwa leso.

"Mama, nisamehe," baba alimwambia. Mara hiyo hakunituma mimi.

Baba alimpakia kwenye baiskeli, mama akimshikilia kwa nyuma, wakaenda zahanati. Malaria ilikuwa imeshampanda kichwani, akafia huko. Tulimzika nje ya ua, kando ya kibanda kisicho na paa. Baba hakukimalizia wala hakukibomoa. Kiliachwa mpaka kikaanguka chenyewe.

Nikarudishwa kulala ndani. Nilimlilia Kukhu kila jioni, na kwa kumkosa nilifanya yote aliyokuwa akifanya. Nilichoma samadi mpaka kaka zangu wakakohoa, nikajipaka kivumbasi hata nyuma ya masikio. Mbu waliniuma usiku kucha. Asubuhi nilimpelekea mama mikono yangu iliyojaa vipele, nikamuuliza kwa nini dawa ya Kukhu inafanya kazi kule nje, ndani inakataa. Mama alikuwa akichambua mboga. Aliziacha sinia zima, akatoka. Nilidhani nimemkosea.

Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe aliponijibu. Mama alikuwa mmoja wa waliomwosha Kukhu kabla ya mazishi. Mgongo wake, aliniambia, haukuwa na mahali pa kuweka kidole kwa vipele vya mbu.

Ndipo nilipokumbuka alivyokuwa akilala: daima upande wa kinamasi, blanketi lote juu yangu, gauni ameliteremsha mabegani. Alikuwa akisema anasikia joto. Nami, mtoto, sikujiuliza joto hilo lilitoka wapi, na ilikuwa masika, na mimi chini ya blanketi nilikuwa nikitafuta miguu yake niipashe moto miguu yangu.