Kamba Yenye Vitambaa Vyekundu

Anayesema kupiga kasia ni kazi ya mikono hajawahi kukalia ubao wa mtumbwi kutwa nzima. Mimi nilifika kambini na nusu ya makalio. Nusu nyingine ilibaki majini, mahali fulani kati ya Kitale na mpaka wa Bungoma.

Tulikuwa wanne, watu wazima wenye watoto, wote tumesoma darasa la jioni. Tulipofaulu mtihani tukaamua kujipongeza kwa safari ya mitumbwi katika mto Nzoia. Katikati ya safari tuliweka siku moja ya kupumzika. Hakuna kasia, hakuna kuamshana. Hiyo siku niliingoja kuliko cheti chenyewe.

Asubuhi blanketi zote zilikuwa chapachapa. Mwenzetu mmoja, mchinjaji wa Bungoma, akachonga vigingi, akavipigilia kwenye nyasi kando ya mto, akafunga kamba kutoka kimoja hadi kingine tupate pa kuanika. Na kwa vile mimi hujikwaa hata kwenye sakafu ya saruji, akaning'iniza vitambaa vyekundu kwenye kamba ili niione. Tukapika chai nzito ya kusimamisha kijiko. Nikalala chali, nikakoroma hadi samaki wakahamia ng'ambo.

Kilichoniamsha ni jembe. Upande wa pili wa kamba palikuwa na kishamba cha nduma, yale magimbi ya kando ya mto, na ndani yake shosho mmoja, bikizee wa mvi, aking'oa kama anayekimbizwa na moto. Nduma zenyewe changa, hazijapita kidole gumba. Anang'oa, anatupa kwenye gunia.

"Shosho, si hizo bado?" mchinjaji akamwuliza.

"Bado nini? Ningoje umalize kupima ndio ulete tinga ifukue shamba yangu?"

"Kupima nini tena?"

"Usinicheke, kijana. Vigingi naona. Kitambaa nyekundu naona. Na huyo mukubwa yenu amelala hapo na tumbo yake, anangoja tu kuweka sahihi."

Mkubwa ndiye mimi! Niliruka juu, damu ikanichemka hadi nikahisi kofia inaelea. Mimi niliyesoma hesabu nikisinzia juu ya dawati la watoto, leo ati ni mnyakuzi wa ardhi, tena ndani ya kaptura iliyopasuka?

"Shosho, haki tena, sisi tunapumzika tu!"

Akasimama wima, tope hadi magotini.

"Hata wale walikuja na vigingi mbele yenu walisema hivyo. Walikunywa chai yangu, ati wanapumzika tu kivulini. Pale juu nilikuwa na mahindi. Angalia sasa."

Tukaangalia. Juu ya mteremko palikuwa na ukuta wa mawe, umepandwa vipande vya chupa juu yake.

Hasira yangu haikuisha, ilibadilisha njia tu. Mtu mzima na akili zake anakunywa chai ya mwanamke, anashukuru, anafuta midomo, kisha anamwachia woga wa kukimbia kamba ya nguo! Chai ile ilipitaje kooni?

Mchinjaji akafungua kamba. Shosho akatikisa kichwa.

"Na vigingi."

Tukaving'oa.

"Choma."

Tukavichoma mbele yake, vibichi hivyo, moshi ukatutoa machozi sote wanne. Hapo ndipo akaweka jembe chini. Nikaingia topeni kurudishia nduma zilizokuwa bado na majani yake.

"Wewe, unapanda ama unazika?" akanifokea. "Si hivyo, bana! Shingo ibaki juu!"

Nyingine zilikuwa zimekatika, hazikufaa tena. Hizo zilibaki kwenye gunia, za kuchemshwa kabla ya wakati wake.

Blanketi tulizitandaza juu ya mitumbwi, zikakauka nusu. Tukamkaribisha chai, akakataa. Alikaa kando ya nduma zake, jembe magotini, akitulinda mchana kutwa, na hakuna kati yetu aliyethubutu kulala tena. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye, hata mimi nisingeondoka.