Kihamba cha Mtoto wa Mwisho

Enzi zile kahawa ilikuwa kahawa. Vedastus aliikumbuka harufu ya maua yake baada ya mvua, mlima mzima ukinukia, na siku ambayo baba yake alimkabidhi kihamba, shamba la ukoo lenye nyumba na makaburi. Mzee alipanda isale, mmea wa kuweka alama ya mpaka, mbele ya majirani, akasema, "Wewe ndiye wa mwisho, wewe ndiye wa kubaki nasi." Mbege, pombe ya ndizi, ikanywewa, wazee wakaimba. Raha iliyoje! Vedastus alilia siku ile, wala si kwa pombe.

Leo alikuwa ameketi mbele ya wakili Joyness, mjini Moshi, ili aombe mahakama imtangaze kuwa amefilisika. Malori yake ya biashara pale Himo yalikuwa yamekwenda, madeni yamebaki.

"Mzee, miaka hii ya karibuni umempa mtu mali yoyote? Hata zawadi?"

"Hapana."

"Hata ndani ya familia?"

"Hayo ni mambo ya mila, binti yangu. Si mali."

Joyness, naye mtoto wa mlimani, aliweka kalamu chini. "Kihamba umempa nani?"

Basi, wenyeji wa huku hawajui kugawa kimyakimya. Krismasi iliyopita, ukoo wote ukiwa umerudi nyumbani kama ada, Vedastus alimkabidhi kihamba kitinda mimba wake, Leonce. Alichinja mbuzi, akapanda isale, akaalika kijiji kizima, akidhani mashahidi wengi ndio ngao. Hata Elisaria wa matairi, anayemdai kuliko wote, alikuwepo, akanywa mbege mpaka akasindikizwa kwake. Ficha hapo kama unaweza!

"Na siku ile ulishajua huwezi kulipa?" Joyness aliuliza taratibu.

Vedastus alitazama mikono yake. "Nilijua."

"Basi tuseme hivyo hivyo. Mahakama inaweza kuibatilisha zawadi hiyo, shamba likauzwa wadai walipwe. Lakini ukificha utakuwa umeapa uongo, na hakuna atakayekusikiliza tena."

Njia ya mkato Vedastus alikuwa ameshaipita mara moja, na uchungu wake aliujua. Akaapa kweli tupu, kisha akapanda mlimani kumwambia mwanawe kabla hajaambiwa na watu.

Alimkuta Leonce akipogolea mibuni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akamweleza yote, hakubakiza.

Leonce alisikiliza hadi mwisho, panga likining'inia mkononi. "Krismasi ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mwanangu. Niliogopa wadai wasije wakakichukua kihamba."

Vedastus alijiandaa kulaumiwa kwa ajili ya shamba, kwa nyumba, kwa makaburi ya babu zake.

"Wakichukua, wachukue," Leonce akasema. "Mimi kinachoniuma ni kwamba nilidhani siku ile ulikuwa unanipa."