Nyuki Walezi na Mama Mkwe

Mwanangu wa kwanza alizaliwa nikiwa katikati ya utafiti wangu wa nyuki, na nyuki hawangojei likizo ya uzazi. Mama mkwe alitoka Butembo kuja Goma kunisaidia. Kesho yake alinikuta nyuma ya nyumba, mtoto mgongoni, nimeinamia mzinga wa kioo nikiwapaka nyuki rangi nyekundu ya kucha.

"Unabaremba juu ya nani?" aliuliza, kana kwamba nawaremba kwa ajili ya mtu.

Nikamweleza kwamba hao wekundu ni vijana, wametoka kwenye masega juzijuzi, na kazi yao ni kulisha majana, yaani watoto wa nyuki. Nilitaka kujua wanapumzika wakati gani.

"Na banalalaka saa ngapi?"

"Hawana saa, Mama. Mchana na usiku kwao ni mamoja."

Alicheka, kisha akanitazama vizuri. Kitenge nilikuwa nimekigeuza nje ndani, na kandambili zangu hazikufanana. Alimchukua mtoto, akavuta kiti, akakaa mbele ya kioo.

Wiki chache baadaye wale wekundu walianza kutoka kutafuta maua. Asubuhi wanaondoka, jioni wanarudi na kutulia, kama watu wa ofisi. Mama mkwe alidhani nimeleta nyuki wengine.

"Ni walewale," nikamwambia. "Jeni za saa, zile zinazouambia mwili lala na amka, wanazo tangu kuzaliwa. Ila wakiwa walezi, hawaishi kwa saa hiyo." Nikaongeza ninavyoamini mimi: zamani sana, mizinga ambayo walezi wake walilala usiku kucha ilikuza watoto wachache, ikapotea. Hawa tulio nao ni uzao wa wasiolala.

Aligusa kioo kwa kidole. "Basi saa yako haikupotea, mutoto wangu. Na wewe utatoka."

Nilijifanya nachunguza masega, maana machozi yalinilenga. Wengine wote walikuwa wameniuliza tu kama maziwa yanatosha.

Mtoto alipoanza kulala mpaka alfajiri, nami nikalala. Mama mkwe akarudi Butembo. Juma lililofuata akapiga simu, hata habari za mjukuu hakuuliza.

"Na malkia? Yeye saa yake inarudiaka lini?"

"Akishaanza kutaga, Mama, anataga tu, mchana na usiku. Mauani haendi kamwe."

Akaguna. Yeye mwenyewe alizaa watoto tisa.

"Huyo," akasema, "nitamuombea kwa misa ya kesho."